Mama hataki mdogo wangu achomwe sindano ya mgongo, na sindano yenyewe tushanunua

Assalamu alaykum shangazi,

Mie nnaandika kutoka Wete, na samahani kama ntaandika vibaya mana hapa nyumbani hakuna tena utulivu, kila mtu ana lake.

Nina mdogo wangu wa kike, ana miaka 26 na mtoto mmoja. Tokea Ramadhani analalamika kichwa, kila siku, asubuhi ndo kinazidi, alafu akiinama kuokota kitu macho yanaingia giza kidogo kisha yanarudi, na masikioni anasema anasikia mapigo ya moyo wake usiku mzima. Tukadhani anataka miwani. Tukampeleka kwa dakta wa macho, akamchungulia akasema neva za macho kwa nyuma zimevimba, huyu asikae nyumbani. Akapelekwa Unguja akapigwa picha ya kichwa, alhamdulillah hakuna uvimbe wala damu iloganda. Sasa dakta anasema huenda presha ya maji ya kichwani iko juu, na ili ajue lazima amchome sindano ya mgongo aipime na atoe maji kidogo. Kapewa tarehe, wiki ijayo.

Basi hapo ndo palipowaka moto. Mama anasema mtoto wake hachomwi mgongo akapooza akamrudia hapa wa kubebwa. Jirani naye kaja kaongeza chumvi, ati jamaa yake kule Micheweni alitolewa maji ya mgongo na siku ya pili akafa. Na mie ndo siwezi kumtetea dakta vizuri kwa sababu mie mwenyewe nilizaa kwa kupasuliwa, nikachomwa hiyo ya mgongo, na yalonipata nayajua. Nikikaa tu nimnyonyeshe mtoto kichwa kinataka kupasuka, shingo imekaza, nikilala kinaondoka, nikiinuka kinarudi. Manesi waliniambia nimejitakia, nilinyanyua kichwa kabla ya muda. Mkwe wangu akasema ni hasad.

Kuna kijana wetu anasoma unesi, kasema tukanunue sindano nyembamba yenyewe tumpe dakta. Tukanunua moja, imeandikwa 25G, kichwa chake rangi ya chungwa, na kuna neno Quincke. Duka jengine wanayo ilioandikwa Whitacre 22G, ghali kuliko hii yetu, na muuzaji akatwambia 25 ni nene kuliko 22 kwahiyo tumeliwa. Kijana wetu anasema muuzaji hajui. Shangazi, nani mkweli? Atapooza au hatopooza? Na akishachomwa alale chali saa 24 au tunaweza kurudi naye Pemba na boti ya siku ileile, mana Unguja hatuna pa kukaa ila kwa wifi yetu na wifi mwenyewe ndo hivyo tena.

Dada mkubwa, Wete

*

Wa alaykum salaam mwanangu, na mama mpe salamu zangu, hofu yake naielewa. Mie kabla ya kustaafu nilikuwa thieta upande wa nusukaputi, wagonjwa wa hiyo sindano nimewashika mabega wajikunje wengi tu, wanaolia, wanaosoma Ayatul Kursiy, na mmoja alokuwa akinisimulia bei ya karafuu mpaka dakta akamaliza. Kwahiyo ntakwambia ninavyojua, ila mwenye mwili ni mdogo wako na mwenye mgonjwa ni dakta wake, hao wawili ndo waamuzi.

Kwanza, apimwe, na tarehe asiiache ipite. Neva ya jicho ikivimba kwa presha ya maji alafu ikapuuzwa, kuona kunapungua kidogo kidogo na kilichopotea mara nyingi hakirudi. Huyu ana miaka 26. Presha hiyo dakta hawezi kuijua kwa kipimo cha damu wala kwa picha peke yake, lazima sindano iingie, aunganishe kijibomba, atazame maji yanapanda mpaka wapi. Mtu mzima akiwa amelala ubavu, yakivuka sentimita 25 wanasema iko juu. Na walivyoanza na picha ya kichwa wamekwenda sawa kabisa, kwa sababu kungekuwa na uvimbe mkubwa kule juu, kutoa maji huku chini kunaweza kuufanya ubongo ushuke ukabanwa, hiyo ndo hatari kubwa khasa ya kipimo hichi, nao wameshaitazama.

Kupooza sasa, mwambie mama hivi. Uti wenyewe, ile kamba ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima haufiki chini kote. Unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, baina ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, ndo mana utamuona dakta anapapasa mifupa ya nyonga huku na huku, anatafuta pa kuanzia. Hapo kuna neva moja moja zinaelea ndani ya maji, sindano ikizigusa zinasogea. Ikiigusa moja mgonjwa atasikia shoti imeshuka mguuni, sekunde tu, inatisha lakini inapita. Akiisikia asiruke! Aseme kwa mdomo mguu wa kulia au wa kushoto, dakta atajua sindano imekwenda upande na ataielekeza upya.

Siwezi kukwambia haijapata kutokea mtu akadhurika miguu, ntakuwa nakudanganya. Inatokea, nadra sana, na njia yake kubwa ni damu kuvuja ndani ikaganda ikazibana neva, na wanaopatikana na hilo zaidi ni wale wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, warfarin na wenzake, au wenye ugonjwa unaofanya damu isigande. Kwahiyo kila anachomeza akitaje kabla, vya duka la dawa na vya kwa mganga, asione haya.

Huyo jamaa wa Micheweni Mungu amrehemu. Mie simjui, lakini wengi wanaotolewa maji kwa haraka huwa wanashukiwa homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa ule unaua hata ukitibiwa, tena upesi. Watu wanaona sindano leo, maiti kesho, wanaunganisha. Sindano ilikwenda kumtafuta muuaji, ikabebeshwa kesi yeye.

Haya, sindano zenu. Kijana wenu anasema kweli na muuzaji kakosea: kadiri namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. 20 ni nene, 22 ni wastani, 25 nyembamba, 27 nyembamba zaidi. Na rangi ya kile kichwa cha plastiki inakwenda na namba, 20 ni manjano, 22 nyeusi, 25 chungwa, 27 kijivu, kwahiyo hata maandishi yakifutika unaijua. Lakini kijana wenu naye kashika nusu, mana unene peke yake hautoshi, la kutazamwa zaidi ni ncha.

Quincke ni jina la dakta wa Kijerumani, Heinrich Quincke, yeye ndo alokieneza kipimo hichi mwaka 1891 kule Kiel, na sindano yenye jina lake ina ncha ya mkato, imechongwa mshazari, inakata inapopita. Whitacre ilikuja 1951, ncha yake imechongwa mfano wa penseli na tundu la kutolea maji liko ubavuni. Baadaye, 1987, ikaja nyengine ya namna hiyohiyo inaitwa Sprotte. Sisi thieta tulikuwa tunaziita zote penseli basi.

Tofauti iko kwenye ule utando unaofunga maji. Zamani walikuwa wakitufundisha kwamba ya mkato inakata nyuzi za utando na ya penseli inazisogeza tu, mfano wa ukipitisha kijiti kwenye mkeka, ukikitoa ukindu unajirudi mahala pake. Maelezo mazuri, na nimeyasema mie mwenyewe kwa wanafunzi, ila baadaye watu wakaliweka lile tundu linalobaki kwenye utando chini ya darubini kubwa wakakuta la penseli wala si safi, limechanikachanika kuliko la mkato, na inadhaniwa kule kuchanika ndo kunakofanya mwili uvimbe kidogo pale na kuliziba upesi. Vyovyote iwavyo sababu, matokeo hayana ubishi. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa hesabu ilokusanya majaribio 110 yenye wagonjwa zaidi ya elfu 31, walochomwa za kawaida, yaani za mkato, waliumwa kichwa asilimia 11, walochomwa za penseli asilimia 4 na kidogo. Na kule kupatia mara ya kwanza hakukuwa na tofauti, kwahiyo yule atakaekwambia penseli ni ngumu kutumia, ni mazoea yake tu. Mwaka huohuo jarida la BMJ nalo likatoa muongozo kwamba penseli ndo itumike. Na bado spitali nyingi za dunia, si zetu tu, zinatumia ya mkato, kwa bei na kwa mazoea, jambo linaloniudhi mpaka leo.

Kwahiyo hiyo yenu ya chungwa mmenunua kitu kizuri kwa kazi isiyo yake. 25 inafaa khasa kwa ganzi ya kupasuliwa, ambapo dawa inasukumwa kuingia. Hapa maji yanatakiwa yatoke yenyewe na presha isomwe, kwa 25 yatachirizika tone tone, watakaa pale mgonjwa kajikunja mpaka achoke. Kwa kipimo chake inayofaa ni 22, na ncha ya penseli, yaani ile ya duka la pili. Lakini kabla hujatoa pesa nyengine mpigie nesi wa wodi atakapolazwa umuulize kwa adabu wanatumia ipi na kama wanapokea mgonjwa akija na yake, huenda wanayo dukani kwao. Mkinunua tazameni tarehe ya mwisho na pakti isiwe imetoboka wala kuloa. Na mwambieni dakta pia kama mgonjwa ni mnene, za kawaida zina urefu wa sentimita 9 na baadhi ya watu haziwafikii.

Na kama siku hiyo ipo ya mkato tu, achomwe hivyohivyo, msije mkagoma mkarudi Pemba na macho yanaharibika kwa ajili ya ncha. Hata ya mkato ina adabu zake: 22 na si 20, ule mkato uelekezwe ubavuni mgonjwa akiwa amelala upande ili uende na nyuzi usizikate njiapanda, na kile kiwaya cha ndani kirudishwe kabla sindano haijatolewa. Dakta mzuri anayajua haya, na hata nyinyi mkimuuliza "dakta, ile waya mnairudisha?" hatokasirika, na akikasirika basi na akasirike.

Sasa yako wewe. Mwanangu hukujitakia na wala si hasad. Ile ni tundu lilobaki linavuja. Mtu mzima ana maji hayo kiasi cha mililita 150 tu, na mwili unatengeneza kama 500 kwa siku, kwahiyo hata wakichukua kidogo kwenye chupa yanarudi upesi, kinachotesa ni kule kuendelea kuvuja kimya kimya. Ukisimama ubongo unakosa mto wake, unavuta, kichwa kinauma, ukilala kinapoa. Dalili zako zote ulizonandikia ndo hizo, na shingo kukaza imo. Huanza siku ya kwanza au ya pili, na wengi huondoka wenyewe ndani ya wiki moja mbili. Wanawake, vijana, wajawazito na wembamba ndo linawapata zaidi. Ila ulipolalamika walitakiwa wakupime presha ya damu na kukuangalia vizuri, mana mwanamke alotoka kuzaa kichwa kikimuuma si kila mara ni sindano, kuna kifafa cha mimba ambacho huja hata baada ya mtoto kutoka.

Yule wa kwanza kabisa kuyapata haya akayaandika alikuwa dakta mwenyewe, August Bier, hukohuko Kiel mwaka 1898. Alimwambia msaidizi wake amchome, bomba halikukaa sawa kwenye sindano maji yakamwagika, wakabadilishana akamchoma yeye msaidizi, akampiga nyundo ya miguu kuona kama anasikia, alafu jioni wakenda wakala wakanywa na kuvuta sigara zao wanasherehekea. Bier aliumwa kichwa siku tisa, na akaandika palepale kwamba akilala tu kinaondoka. Hakuna alomwambia kajitakia.

Na hiyo habari ya kulala chali saa 24, imepimwa na haizuii. Wala kunywa maji madumu kwa madumu. Mgonjwa apumzike kidogo kisha ainuke akijisikia, na anywe kama kiu inavyomtaka. Kichwa kikija ndo alale, kwa sababu kinapoa akilala, ale panadol, na kahawa inasaidia baadhi ya watu kwa saa kadhaa, hata ile kavu ya barazani. Kikikaza siku nyingi hawezi hata kukaa kitako, aulize dakta wa nusukaputi kuhusu kuzibwa kwa damu: wanamtoa damu yake mwenyewe mkononi, mililita 15 mpaka 20 hivi, wanaichoma palepale mgongoni nje ya utando, inaganda inaziba. Watu wanaogopa kusikia sindano ya pili, lakini nimewaona waloingia wamelala kitandani wakatoka wanatembea. Wengine hutaka kurudiwa.

Kwa mdogo wako kuna kitu kimoja cha kuchanganya, nikutahadharishe. Yeye tayari anaumwa kichwa. Pengine akitolewa maji atajisikia mwepesi siku hiyohiyo kwa sababu presha imeshuka. Kikija kipya tazama tabia yake: kile cha zamani asubuhi na akilala kinazidi, kipya kitazidi akisimama. Ayaseme hivyo kwa dakta, asiseme tu "kichwa kinauma". Mgongo kuuma pale palipochomwa siku mbili tatu ni kawaida.

Visivyo kawaida ni homa, kuchanganyikiwa, kuona vitu viwili viwili, miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, kushindwa kukojoa, au kichwa kilichokuwa kinapoa akilala ghafla kikawa hakipoi tena. Kimoja tu kati ya hivyo ni spitali saa hiyohiyo, usiku usiwe usiku.

Ndo mana boti ya siku ileile siipendi. Si kwamba mtikisiko utamdhuru mgongo, hapana, lakini kichwa huja kesho yake au kesho kutwa, na mambo mengine nilokutajia ni bora yamkute karibu na walomchoma kuliko katikati ya bahari anatapika na hana pa kulala. Akae siku mbili tatu Unguja. Wifi yenu mvumilieni, mpelekeeni mkungu wa ndizi na samaki mkavu. Na ile ya chungwa kama pakti haijafunguliwa na risiti unayo, jaribu kuirudisha dukani, wakikataa iweke, huwezi jua nani wodi ya wazazi ataihitaji, ila hapo pia penseli ndo bora.